Kutoka Shanga hadi Bendera: Historia ya Uainishaji wa Rangi katika Kiswahili cha Pwani na cha Kivu

1.0 Utangulizi

Ibara ya kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inaieleza bendera ya taifa kwa rangi zake: bleu ciel, nyota ya manjano katika pembe ya juu upande wa kushoto, na mstari mwekundu unaokatiza mshazari, ukiwa umezungushiwa manjano kwa wembamba. Ibara hiyo hiyo inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Mwalimu wa Bukavu anayetaka kuisomesha ibara hiyo kwa Kiswahili anakutana na tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo. Nyekundu haimpi taabu, na manjano anayo. Taabu iko katika bleu ciel. Akisema "buluu" tu, hajasema la kutosha, kwa sababu bendera iliyopepea tangu 1966 hadi 1971 nayo ilikuwa ya buluu, yenye nyota ya manjano na mstari mwekundu wa mshazari. Kinachozitofautisha bendera hizo mbili machoni pa mtazamaji ni zaidi ya yote kiwango cha buluu yenyewe: ile ya zamani ilikolea, hii ya 2006 ni nyepesi kama mbingu isiyo na wingu. Baina yao ilipita kijani ya Zaire, kuanzia 1971 hadi 1997.

Makamusi ya Kiswahili sanifu yana neno samawati kwa rangi hiyo. Katika Kivu neno hilo ni nadra kusikika, na wasemaji wengi humalizia sentensi yao kwa Kifaransa, kama wafanyavyo wanapohitaji vert au jaune. Hapo ndipo huzuka dai linalorudiwa mara kwa mara, hata na watu waliosoma, kwamba Kiswahili kina rangi tatu tu, na kwamba zilizobaki ni za kuazima.

Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa njia ya historia. Upande wa sarufi, dai lina msingi. Ni mashina matatu tu ya rangi yanayochukua viambishi vya upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitambaa cheupe, vitambaa vyeusi, udongo mwekundu. Lakini husemwa kitambaa cha kijani, vitambaa vya manjano, udongo wa kijivu. Utatu huu si wa Kiswahili peke yake. Kiganda kina -eru, -ddugavu na -myufu. Kinyarwanda na Kirundi hueleza rangi hizo hizo tatu kwa vitenzi, yaani kwera, kwirabura na gutukura. Kwa hiyo sarufi imehifadhi urithi wa Kibantu. Kosa linaanza pale idadi ya vivumishi inapochukuliwa kuwa ndiyo idadi ya rangi ambazo lugha inaweza kuzitaja, au, vibaya zaidi, ambazo wasemaji wake wanaweza kuziona.

2.0 Asili ya kosa

Kosa hilo lina umri. Mwaka 1858 Gladstone, mwanasiasa wa Uingereza aliyekuwa pia msomi wa Kiyunani, aliona kwamba maneno ya rangi katika tenzi za Homer ni machache na hayana uthabiti, akakisia kwamba hisi ya rangi ya watu wa kale ilikuwa haijakomaa. Geiger, huko Ujerumani, alipanua wazo hilo katika hotuba yake ya 1867, na Magnus, tabibu wa macho, akalipa sura ya nadharia ya mageuzi ya jicho mwaka 1877. Sifa ya Magnus ni kwamba alikubali nadharia yake ipimwe. Kwa kushirikiana na Pechuël-Loesche, ambaye katika miaka ya 1870 alikuwa Loango, kaskazini mwa mlango wa mto Kongo, alisambaza hojaji na vipande vya rangi kwa watu waliokuwa wakiishi sehemu mbalimbali za dunia. Matokeo yalichapishwa 1880, nayo yaliipinga nadharia: watu wasiokuwa na majina mawili tofauti ya kijani na buluu walizitenganisha rangi hizo kwa macho bila shida. Jina na jicho vikaonekana kuwa mambo mawili. Hata hivyo wazo la uduni halikufa. Lilirudi mwaka 1901 katika ripoti ya Rivers juu ya visiwa vya Torres, na likaendelea kuishi katika madarasa ya makoloni kwa maneno mepesi zaidi.

Ukurasa mpya ulifunguliwa 1969, Berlin na Kay walipochapisha kitabu chao juu ya istilahi za msingi za rangi. Walilinganisha lugha 98. Kwa lugha 20 kati ya hizo walitumia wasemaji walio hai, wakiwaonyesha vipande 329 vya rangi vilivyopangwa kwa mfumo wa Munsell. Kiswahili kilikuwamo katika hizo 20. Ni heshima inayohitaji tahadhari: wasemaji walipatikana karibu wote katika eneo la San Francisco, na kwa lugha nyingi alihojiwa mtu mmoja tu. Hitimisho lilikuwa kwamba lugha zote huchota kutoka akiba ya rangi 11 za msingi, na kwamba huziongeza kwa mpangilio: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, ndipo buluu, na kadhalika. Mpangilio huo umerekebishwa mara kadhaa na waandishi wenyewe, hususan baada ya uchunguzi wa lugha 110 ulioanza 1976 na kuchapishwa kwa ukamilifu 2009.

Jambo linalohusu Kiswahili moja kwa moja ni vigezo. Ili neno lihesabiwe kuwa la msingi, lazima lijulikane na wasemaji wote, lisiwe aina ya rangi nyingine, wala lisifungwe kwa vitu vichache. Neno likiwa na shaka, hutazamwa pia kama ni jina la kitu chenye rangi hiyo, au kama ni mkopo wa karibuni. Neno la Kiingereza la rangi ya chungwa, ambalo ni jina la tunda, halikuangushwa na kigezo hicho kwa kuwa lilikwisha timiza masharti ya kwanza. Sasa itazamwe orodha ya Kiswahili nje ya ule utatu: kijani kutoka jani, manjano ambayo ni binzari, kahawia kutoka kahawa, kijivu kutoka majivu, zambarau na chungwa ambazo ni matunda, waridi ambayo ni ua, samawati kutoka neno la Kiarabu la mbingu, buluu kutoka Ulaya. Karibu kila neno linaweza kutiwa shaka, ama kwa kuwa ni jina la kitu, ama kwa kuwa ni mkopo. Hata neno rangi lenyewe limetoka Uajemi na Bara Hindi. Kigezo kilichokusudiwa kuondoa maneno ya pembeni kinaitia mashakani njia nzima ambayo Kiswahili kimeitumia kuunda majina ya rangi.

3.0 Shanga na nguo

Njia hiyo inaonekana wazi kabisa katika biashara ya misafara ya karne ya 19. Burton, aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi Februari 1858, aliandika habari ndefu juu ya bidhaa zilizobebwa kutoka pwani, akakadiria kwamba aina za shanga zilikuwa takribani 400. Kila aina ilikuwa na jina. Shanga nyekundu, zilizotandazwa wekundu juu ya kiini cheupe, ziliitwa samsam au samesame. Na kwa kuwa zilipendwa kupita zote, zilipewa pia majina ya utani. Moja lilikuwa na maana ya kwamba zinamaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili azipate; jingine lilizisingizia kuvunja miji, kwa jinsi wanawake walivyoshikwa na tamaa nazo. (Majina haya ya utani yalitungwa na wanaume, bila shaka.) Zile za waridi ziliitwa gulabi, neno la Kiajemi lenye maana ya rangi ya ua hilo. Shanga nyeusi ziliitwa bubu.

Majina haya hayakuwa pambo. Stanley, katika kitabu chake cha 1872, anaeleza jinsi alivyolazimika kujifunza somo hilo kabla ya kuondoka pwani. Shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, na hazikuthaminiwa kwingineko. Nyeupe zilipokelewa Ufipa na kukataliwa Ukonongo. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zilikubalika Ujiji na Uguha, yaani ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Kongo, na kwingine hazikununua hata kuku. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mizigo isiyo na thamani mamia ya maili kutoka bandarini, na wapagazi wake walilala njaa. Ni vigumu kupata mazingira ambamo uainishaji wa rangi ulihitaji usahihi mkubwa zaidi ya huo.

Ikumbukwe kwamba ndiyo misafara hiyo hiyo iliyokileta Kiswahili Manyema, Nyangwe na Kasongo, na hatimaye Uvira na Kivu. Lugha na shanga zilisafiri katika msafara mmoja. Mwenyeji aliyejifunza Kiswahili sokoni alijifunza, pamoja na hesabu na salamu, majina ya rangi yaliyokuwa majina ya bidhaa. Kwamba mengi ya majina hayo yametoweka si ajabu. Shanga zilipoacha kuwa fedha, istilahi zake zilikosa kazi.

Nguo nazo zilitoa mchango wake, na baadhi yake ungali hai. Merikani ilikuwa pamba isiyotiwa rangi kutoka Marekani, na kaniki ilikuwa nguo iliyotiwa nili. Hudhurungi, inayotumika leo kwa aina ya kahawia, katika makamusi ya zamani ni kwanza jina la kitambaa kilichoshonewa kanzu. Chanikiwiti, neno la kijani lenye ladha ya lahaja za kaskazini, si lingine ila jani bichi: chani ni jani, na kiwiti ni kibichi. Mfano huu una jambo zaidi ya asili ya neno. Katika "kijani kibichi" rangi haisemwi kwa wekundu wala ubuluu, bali kwa hali ya kitu: kuwa na maji, kutokauka, kutoiva. Conklin alionyesha mwaka 1955 kwamba Wahanunóo wa Ufilipino hupanga rangi zao kwa nuru na giza, na kwa ubichi na ukavu. Kiswahili hakikufika huko kwa utaratibu kamili, lakini alama imebaki. Hata -eupe ina maana ya usafi na mwangaza, na katika makamusi ya Madan (1903) na Johnson (1939) -eusi inaelezwa kuwa nyeusi pamoja na rangi nyingine zilizokolea.

4.0 Nili

Kaniki inastahili kutazamwa kwa karibu. Nguo hii ilitiwa nili, na nili ni buluu. Lakini ilipokolea, ilihesabiwa upande wa weusi, na wengi waliiita nguo nyeusi. Mtu wa nadharia ya Magnus angesema jicho limeshindwa. Ukweli ni kwamba mstari wa mgawanyo ulichorwa mahali pengine: nguo ziligawanywa kwanza kwa kukolea na kutokolea, na ndani ya mgawanyo huo jina la bidhaa lilitosha kuondoa utata. Aliyetaka kaniki aliomba kaniki.

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinapoorodhesha rangi za upinde wa mvua, hutaja nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, nili na urujuani. Nili, ambayo ndani ya kaniki ilihesabiwa nyeusi, hapa ina chumba chake peke yake. Nani aliipa chumba? Newton, aliyeitenga nuru kwa mche wa kioo na kuchapisha kitabu chake kikuu cha nuru mwaka 1704, aliamua kwamba rangi ni saba kwa sababu alitaka zilingane na ngazi ya sauti za muziki. Katika utepe wa nuru hakuna mipaka saba. Ni mfululizo usiokatika. Ili saba itimie, aliongeza chungwa na nili. La kwanza ni tunda, la pili ni bidhaa iliyokuwa ikiuzwa Ulaya kutoka Bara Hindi. Kwa maneno mengine, mwanafizikia alifanya kama mwenye duka la Ujiji: alikopa jina kutoka shehena. Tofauti ni kwamba orodha yake iliingia shuleni, na ile ya Ujiji ikabaki katika vitabu vya wasafiri.

5.0 Pembe na udongo

Kivu yenyewe imeshuhudia mifumo miwili ya kuainisha rangi ikifanya kazi karibu karibu, pasipo kujuana.

Wa kwanza ni wa Walega wa Mwenga na Shabunda, katika chama cha Bwami, ambacho utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku mwaka 1948. Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya Walega mwaka 1973, anaeleza jinsi vifaa vya Bwami vilivyotunzwa. Vinyago vya mbao viitwavyo lukwakongo vilipakwa udongo mweupe. Vile vya pembe za ndovu, vilivyohusu ngazi ya juu ya kindi, vilisuguliwa kwa mafuta kama ulivyopakwa mwili wa mwanachama mwenyewe, hadi vikapata mng'aro na rangi kati ya manjano na wekundu. Neno busoga, ambalo kwa Walega hubeba uzuri na wema kwa pamoja, lilihusu pia mng'aro huo. Vifaa hivyo vilipofika katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, viliandikwa kwa maneno ya rangi: ya asali, ya kahawia, iliyofifia. Maneno hayo si ya uongo, ila yamepima kisichokuwa kinapimwa. Kwa mwanachama wa kindi, wekundu wa pembe ulikuwa ushahidi kwamba kitu kimeshikwa, kimepakwa na kurithiwa. Pembe iliyooshwa ikawa nyeupe ilikuwa imepoteza historia yake. Turner, akiandika mwaka 1966 juu ya Wandembu wa Zambia, alionyesha kwa upana jinsi nyeupe, nyekundu na nyeusi zinavyoweza kubeba falsafa nzima ya maisha, damu na kifo. Utatu ambao wengine waliuhesabu kuwa umaskini ulikuwa, katika ibada, mfumo uliojaa maana.

Mfumo wa pili ni wa wapima udongo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Kibelgiji, INEAC, iliyoundwa 1933, ilikuwa na kituo Mulungu, si mbali na Bukavu. Wataalamu wake wa miaka ya 1950 walieleza udongo kwa majedwali ya Munsell. Munsell, mwalimu wa sanaa wa Boston, alichapisha mfumo wake mwaka 1905 kwa lengo la kuwafundisha wanafunzi wa uchoraji. Ni baadaye tu wanasayansi waliuchukua. Aliitenga kila rangi katika vipimo vitatu: aina ya rangi, kiwango cha mwangaza, na nguvu ya ukolevu. Udongo ulioandikwa 2.5YR 4/6 uko kati ya nyekundu na manjano ukielemea nyekundu, una mwangaza wa daraja la 4 na ukolevu wa daraja la 6, na jedwali linauita mwekundu. Ule wa 5YR 4/4 unaitwa wa kahawia yenye wekundu, na ule wa 7.5YR 4/4 kahawia tu. Mkulima wa Kabare akizungumza Kiswahili anaweza kuuita wote mwekundu. Hata hivyo hatapanda vilevile katika yote mitatu. Tofauti anazieleza kwa njia nyingine: unanata au haunati, unashika maji au unayapitisha, umechoka au una nguvu. Mtaalamu anaipima rangi kwanza ili akisie sifa hizo, kwa mfano kiasi cha chuma na jinsi maji yanavyopita. Mkulima anaanzia kwenye sifa zenyewe, na rangi kwake ni dalili moja miongoni mwa nyingi.

6.0 Suala la samawati

Yakirudiwa sasa yale ya bendera, njia tatu ziko wazi kwa mwalimu wa Bukavu. Ya kwanza ni kuacha bleu ciel ilivyo. Ina faida ya kueleweka papo hapo, na hasara ya kumzoesha mwanafunzi kuamini kwamba mambo ya Katiba hayasemeki kwa lugha yake. Ya pili ni kuleta samawati kutoka makamusi ya sanifu. Neno ni sahihi, lina mbingu ndani yake, na linatumika Afrika Mashariki. Lakini kwa msikilizaji wa Kivu asiyejua Kiarabu mbingu hiyo haionekani, na neno hubaki la kukariri. Ya tatu ni kuunda kama misafara ilivyounda, yaani kutumia kitu ambacho kila mtu anakiona: rangi ya mbingu, au buluu ya mbingu.

Wapo watakaoipinga njia ya tatu kwa hoja kwamba maelezo marefu si istilahi. Hoja hiyo ina uzito katika kamusi, si katika darasa la kwanza la uraia, ambamo kijani yenyewe ilianza kama rangi ya jani. Upendeleo unastahili kwenda kwenye "buluu ya mbingu" kwa matumizi ya shule za Kivu, na samawati ifundishwe kando yake katika madarasa ya juu, ili mwanafunzi asome maandishi ya Dar es Salaam na Nairobi bila kukwama. Tatizo la bendera ya 1966 linatatuliwa kwa urahisi huo huo: ile ni buluu iliyokolea, hii ni buluu ya mbingu. Vipimo viwili vya Munsell, mwangaza na ukolevu, vimo tayari katika kitenzi kukolea na kinyume chake, kufifia. Watia rangi na wafua kaniki walivitumia vitenzi hivyo bila kusubiri jedwali.